Kigurudumu cha Dripu

Wasomaji wangu wa siku nyingi watanivumilia leo nikiacha bajeti, vyama na katiba, nikaandika juu ya kitu kidogo cha plastiki kinachoenea kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Kipo kwenye mrija wa dripu, chini kidogo ya kichupa cha matone. Ukikisukuma kwenda juu, maji yanakimbia. Ukikishusha, yanapungua hadi yanakatika. Mwaka 2016, katika hospitali moja ya mikoani ambayo sina sababu ya kuitaja, nilikisukuma kwenda juu mara mbili katika usiku mmoja, na mara zote mbili niliamini kwamba ninatenda haki.

Baba yangu, mstaafu wa reli, alikuwa na umri wa miaka 74. Presha ilikuwa imekaa naye muda mrefu, na kwa miezi kadhaa miguu yake ilikuwa ikivimba jioni hata viatu vikamkataa. Kisha zikaja siku mbili za kuhara na kutapika zilizomlegeza asiweze kusimama mwenyewe. Daktari wa zamu alimsikiliza kifuani kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, akaandika kwenye faili: maji ya chumvi, nusu lita kwa saa 6, kisha nusu lita nyingine kwa saa 6. Muuguzi akamwekea kanula ya rangi ya waridi mkono wa kushoto, akatundika chupa, akaitazama saa yake huku midomo ikihesabu matone, akakishusha kigurudumu kidogo kidogo mpaka akaridhika. Ilikuwa saa 3 usiku. "Kaka, hii usiiguse," aliniambia. "Ikikaribia kuisha, au ukiona mzee amebadilika, niite." Akaenda.

Wodi ile ilikuwa na wagonjwa 41. Niliwahesabu baadaye, wakati nilipohitaji kuhesabu kitu chochote ili nisifikiri. Muuguzi alikuwa ni yeye peke yake, pamoja na mhudumu mmoja wa afya na mwanafunzi wa uuguzi aliyekuwa kwenye mafunzo kwa vitendo.

Kitanda cha pili kutoka kwetu alilala kijana wa bodaboda, naye akiharisha, macho yamezama ndani, ngozi ya mkono ukiivuta inabaki imesimama kama kitambaa. Dripu yake haikudondoka. Ilimiminika, matone yameungana yakawa uzi. Chupa ya kwanza ikaisha, wakamtundikia ya pili, nayo ikaenda mbio vilevile. Nikageuka kuitazama ya baba yangu. Tone. Kimya. Tone. Kimya.

Kazi yangu ni kufundisha habari za usawa na mgawanyo wa rasilimali, na mtu huona kile alichofunzwa kukiona. Niliona ubaguzi. Kijana anahudumiwa haraka, mzee anacheleweshwa kwa sababu ameshakula chumvi nyingi. Nilikuwa pia na sababu isiyo na heshima kama hiyo: keshokutwa yake nilitakiwa kusimamia mtihani Dar es Salaam, na kwa hesabu yangu chupa zikiisha mapema tungeruhusiwa mapema. Na chini ya sababu hizo mbili kulikuwa na imani ambayo sikuwahi kuihoji tangu utotoni, kwamba dripu ni nguvu, na nguvu haizidi.

Saa 5 usiku nikakisukuma kigurudumu juu. Chupa ilipoisha nikaita. Muuguzi alikuwa mwisho wa wodi kwa mgonjwa aliyekuwa akidegedeka, hivyo yule mwanafunzi akanibadilishia, akatundika chupa iliyokuwa mezani bila kuuliza ya kwanza ilianza saa ngapi. Alipoondoka nikakisukuma tena. Kabla ya saa 7 maji yaliyopangiwa saa 10 yalikuwa yameingia mwilini mwa baba yangu katika muda usiotimia saa 2.

Ilikuwa kama saa 8 hivi aliponishika mkono. Alikuwa ameinuka mwenyewe, yeye ambaye jioni hakuweza kuketi. Alipumua kwa kuvuta mabega, na kila pumzi ilikuwa na sauti ya maji yanayotokota chunguni. Jasho la baridi lilikuwa likimtiririka. Alikohoa, na kwenye kitambaa nikaona povu lenye wekundu kwa mbali. "Ninazama, mwanangu," alisema. Baba yangu alizaliwa karibu na ziwa na hakuwa mtu wa kutumia neno hilo kama tamathali.

Muuguzi alikuja mbio. Jambo la kwanza alilolifanya ni kukitazama kigurudumu, kisha kukifunga kabisa. Kanula hakuichomoa, ndiyo iliyokuwa njia ya kumpitishia dawa. Alimketisha wima, akaiacha miguu yake ining'inie kando ya kitanda, akaburuta mtungi wa oksijeni, akamwita daktari, na baada ya muda mfupi baba akachomwa dawa ya kukojosha kupitia mshipa. Mimi nilipewa kazi ya kushika chombo cha mkojo. Hadi alfajiri alikuwa ametoa zaidi ya lita moja, na ile sauti ya chungu ikawa imeondoka kifuani.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo ni nzito kwangu kuliko ile ya kwanza.

Asubuhi, wakati wa kukabidhiana zamu, muuguzi kiongozi wa wodi alitaka kujua ilikuwaje mgonjwa mwenye moyo dhaifu aingiziwe maji kwa kasi ile. Walizungumza kwenye meza iliyo katikati ya wodi, hatua sita kutoka kitandani kwetu. "Nilimwekea matone 28," alisema yule wa usiku. "Na baada ya hapo ulipita kuangalia saa ngapi?" Akanyamaza. Akaambiwa asiondoke mpaka aandike maelezo. Aliketi akaandika ukurasa mzima, baada ya zamu ya saa 12, huku mimi nikiwa nimesimama na chupa ya uji mkononi. Wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa nimechapisha makala ndefu kuhusu viongozi wetu wasiojua kuwajibika. Nilimmiminia baba uji, na sikusema neno.

Alirudi saa 1 jioni kwa zamu yake nyingine. Nilimngoja akamaliza kukabidhiwa, nikamfuata, nikamwambia. Alikuwa akijaza dawa kwenye sindano na hakugeuka mpaka alipomaliza.

"Nilijua, kaka," alisema. "Kigurudumu kilikuwa juu kabisa. Hakipandi chenyewe."

Nikamuuliza kwa nini asubuhi hakusema.

"Niseme nini? Muuguzi anamsingizia ndugu wa mgonjwa? Na kweli sikupita kuangalia. Nilikuwa na yule wa degedege." Kisha akavuta kiti cha plastiki. "Kaa hapa nikuoneshe. Usiku wa leo uko na mimi tena, na mimi bado niko mmoja."

Yale aliyonifundisha kwa muda usiozidi dakika 20, akikatizwa mara nne, ndiyo ninayotaka kuyaandika hapa. Mengine nimeyaongeza baadaye kwa kusoma na kwa kuwauliza wenzangu wa kitivo cha tiba, lakini mifupa yake ni ya kwake.

Alianza kwa kuniambia kwamba maji ya dripu ni dawa, na kwamba dozi yake si ujazo peke yake, ni ujazo pamoja na kasi. Nusu lita kwa saa 6 na nusu lita kwa nusu saa ni dawa mbili tofauti. Yule kijana wa bodaboda alikuwa amepoteza lita kadhaa kwa siku moja akiwa na moyo wenye afya. Kumcheleweshea maji kungemuua. Baba yangu alikuwa amepoteza kiasi kidogo, akiwa na moyo unaosukuma kwa taabu. Maji yakifika kwenye moyo wa namna hiyo kwa kasi kuliko unavyoweza kuyasukuma mbele, yanarudi nyuma, na yakirudi nyuma yanajaa kwenye mapafu. Matone yale ya taratibu niliyoyaona kuwa dharau ndiyo yaliyokuwa uangalifu wenyewe.

Kuhusu kuhesabu, alichukua bahasha ya kaki akaandika nyuma yake. Mrija wa kawaida wa aina iliyotumika wodini mle hutoa matone 20 kwa kila mililita moja. Kuna mirija mingine yenye idadi tofauti, na idadi hiyo huchapishwa kwenye kifungashio, kwa hiyo kusoma kifungashio ni sehemu ya kazi. Unachukua mililita zinazotakiwa kuingia, unazidisha kwa matone ya mrija, unagawanya kwa dakika. Mililita 500 mara 20 ni 10,000. Saa 6 ni dakika 360. Jibu ni matone 28 hivi kwa dakika. Lita moja kwa saa 8 inakuwa matone 42. Kwa watoto hutumika mrija wa matone madogo, 60 kwa mililita, ambao una urahisi wake: idadi ya matone kwa dakika ni sawa na idadi ya mililita kwa saa. Nilipomwambia kwamba hesabu hiyo ni ya darasa la sita alicheka. "Basi wewe wa chuo kikuu usingeshindwa kuuliza."

Halafu akanieleza namna daktari anavyoamua kiasi, na hapo alitumia lugha ambayo hata mhasibu wa kijiji angeielewa. Kuna deni, yaani maji ambayo mgonjwa ameshayapoteza kabla ya kufika. Kuna matumizi ya kila siku, ambayo kila mwili unayahitaji hata ukilala tu. Na kuna uvujaji unaoendelea: kuhara, kutapika, homa, jeraha la moto, mpira wa tumboni. Mgonjwa asiyeharisha tena hana uvujaji. Mgonjwa anayekunywa vizuri analipa matumizi yake kwa mdomo. Makosa mengi, alisema, yanatokana na kuendelea kulipa deni ambalo limeshakwisha, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuangalia daftari. Daftari lenyewe ni ile karatasi ya maji yanayoingia na yanayotoka, ambayo wodini huwa inaning'inia mwisho wa kitanda ikiwa na safu mbili tupu.

Aina za maji nilidhani ni majina tu ya viwanda. Sivyo. Maji ya chumvi ya kawaida yana gramu 9 za chumvi katika lita, na kwa sababu ya chumvi hiyo hubaki nje ya seli; hata hivyo sehemu ndogo tu, kama robo hivi, ndiyo inayodumu ndani ya mishipa ya damu, na iliyobaki huenda kwenye nyama za mwili. Ndiyo maana mtu aliyezidishiwa huvimba miguu na kope. Maji ya Ringer, kwa jina la Mwingereza Sydney Ringer, yaliyoongezewa laktati na daktari Mmarekani Alexis Hartmann katika miaka ya 1930, yana pia potasiamu na kalsiamu kidogo, na hukaribiana zaidi na majimaji ya damu. Hayo ndiyo yanayopendekezwa kwa anayeharisha sana. Kwa sababu ya ile kalsiamu, hayapitishwi kwenye mrija mmoja na damu anayoongezewa mgonjwa. Maji ya glukosi ni jambo jingine kabisa. Mwili ukishaitumia ile sukari, kinachobaki ni maji matupu yanayosambaa kila mahali, hata ndani ya seli. Hayainui presha iliyoanguka, na yakitolewa mengi peke yake hupunguza chumvi ya damu na yanaweza kuvimbisha ubongo, hasa wa mtoto. Na potasiamu, ile ya kichupa kidogo, haichomwi kamwe moja kwa moja kwenye mshipa bila kuchanganywa na kupimiwa kasi yake, kwa sababu husimamisha moyo. Hilo alilirudia mara mbili ingawa mimi sikuwa na nafasi yoyote ya kulitenda. Nadhani alikuwa amewahi kuliona.

Kuhusu maji ya glukosi nina neno la kuongeza. Chupa ya nusu lita ya maji ya glukosi ya asilimia 5 ina gramu 25 za sukari. Soda moja ya kawaida ya chupa ya kioo ina zaidi ya hizo. Hata hivyo ninawafahamu watu wenye shahada, wengine wenye nyadhifa, ambao wakichoka na vikao huenda kwenye zahanati ya mtaani kuomba "watundikiwe hata moja", wakalipa, wakalala saa mbili, wakainuka wakisema wamepata nguvu. Walichopata ni usingizi. Picha ya mkono wenye kanula hutumwa kwenye kundi la ukoo kama uthibitisho kwamba mtu aliumwa kweli. Zahanati inayokataa kutundika inaonekana haina huduma, na inayotundika inapata wateja. Sioni ajabu kwamba wenye zahanati wameshajua ni ipi kati ya hizo mbili inayolipa kodi ya pango. Mtoto anayeharisha lakini bado anaweza kunywa anahitaji maji ya ORS kwa kijiko na kikombe, na mama anayepewa pakiti mbili za ORS hurudi nyumbani akilalamika kwamba hakutibiwa. Chumvi hizo za pakiti zilithibitisha thamani yake mwaka 1971, katika kambi za wakimbizi wa vita vya Bangladesh, ambako daktari Dilip Mahalanabis, dripu zilipomwishia katikati ya kipindupindu, aliwakabidhi ndugu wa wagonjwa mchanganyiko wa chumvi na sukari wawanyweshe wenyewe. Vifo katika kambi yake vilishuka sana. Ndugu wa wagonjwa, nasisitiza.

Na sisi Afrika Mashariki tuna ushahidi wetu. Mwaka 2011 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania, ukiongozwa na Kathryn Maitland wa kituo cha utafiti cha Kilifi. Watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu, ambao tatizo lao halikuwa kuhara, waligawanywa: wengine wakapewa maji mengi kwa haraka, wengine wakapewa ya kiasi. Kila mtu alitarajia wale wa kwanza wapone zaidi. Katika saa 48, walikufa watoto kama 10 na nusu katika kila 100 waliopewa maji mengi kwa haraka, na kama 7 katika kila 100 ambao hawakupewa. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake. Matokeo hayo yalibishaniwa sana katika nchi tajiri, ambako mazoea yalikuwa kinyume chake. Nimekaa kwenye semina nyingi za "maarifa ya Kiafrika" na sijawahi kusikia mtu akiutaja utafiti huu, ambao ulipinga mazoea ya dunia kwa hesabu iliyofanywa katika wodi zetu wenyewe.

Turudi kwenye kiti cha plastiki. Sehemu ya mwisho ya somo ilikuwa kazi yangu ya usiku ule. Nisiguse kigurudumu. Nihesabu matone kwa dakika moja nzima kila baada ya nusu saa, na yakizidi au kupungua nimwite, maana mgonjwa akikunja mkono matone hukatika na akiunyoosha huanza kukimbia. Nitazame pale kanula ilipoingia: pakivimba na kuwa pa baridi, maji yanaenda nje ya mshipa, pakiwa pekundu, pa moto na penye maumivu, mshipa unachomeka na kanula itolewe. Mapovu madogo ya hewa kwenye mrija, ambayo huwatia watu kiwewe, hayaui. Lakini chupa isiachwe ikakauka kabisa. Akienda msalani asichomolewe mrija, na chupa isiwekwe kitandani wala kushushwa chini ya mkono, damu isije ikapanda kwenye mrija ikaganda. Nipime mkojo kwenye chombo na kuandika: mtu mzima wa kilo 60 atoe walau mililita 30 kwa saa. Na juu ya yote nimhesabie pumzi. Akianza kupumua haraka, kukohoa akilala chali, au kutaka kuketi bila sababu, nisingoje nusu saa.

"Hayo tu?" niliuliza.

"Hayo tu. Ungeambiwa jana, jana isingekuwa jana."

Hakulisema kwa uchungu. Lakini ndani yake mlikuwa na lawama iliyogawanywa sawasawa kati yake, yangu na ya mtu wa tatu ambaye hakuwepo wodini.

Nilipokuwa nikisoma habari hizi baadaye nilikutana na Thomas Latta, daktari wa Leith huko Uskoti, ambaye mwaka 1832, wakati wa kipindupindu, alikuwa wa kwanza kuwatibu wagonjwa kwa kuwaingizia maji ya chumvi kwenye mishipa. Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa mwanamke mzee aliyekwisha kukatiwa tamaa. Maji yalipoingia, uso ulirudi, mapigo yakarudi, akasema anajisikia vizuri. Latta, akiamini kwamba ameokoka, akamwacha chini ya uangalizi wa daktari wa hospitali akaenda kupumzika. Kuhara kukarudi, maji hayakurudishwa, na baada ya saa chache mwanamke yule akafariki. Dripu ya kwanza ilifanya kazi barabara. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa kando ya kitanda anayejua anachokitazama.

Katika hospitali zetu mtu huyo yupo. Amelala sakafuni juu ya kanga, chini ya kitanda cha mgonjwa wake. Mchana tunamwita msumbufu; askari wa getini humfukuza saa 3 asubuhi ili daktari apite wodi bila vurugu. Usiku, bila tangazo, anageuka kuwa mtumishi wa afya: anageuza wagonjwa, anamwaga mikojo, anaangalia dripu, anakimbia kuita. Hayumo kwenye ikama, hayumo kwenye bajeti, na kwa kuwa hayumo, hakuna anayewajibika kumfundisha. Waziri akisema wodi inaendeshwa na muuguzi mmoja kwa wagonjwa 41, anasema uongo bila kujua: inaendeshwa na muuguzi mmoja na ndugu 41. Wanauchumi wa afya wanaopenda kuhesabu gharama wangeanza na mishahara tusiyowalipa hao.

Sisemi kwamba tuwafundishe ndugu ili serikali iache kuajiri wauguzi. Najua hoja hiyo itatumika hivyo; nimewahi kuona hoja bora kuliko hii zikitumika vibaya zaidi. Muuguzi mmoja kwa wagonjwa 41 ni kosa hata kama ndugu wote 41 wangekuwa madaktari bingwa. Lakini ajira huchukua miaka, na leo usiku kuna mtu amekaa kando ya dripu akiitazama ya jirani. Kadi moja ya ukubwa wa kiganja, iliyofungwa kwenye stendi, yenye idadi ya matone iliyoandikwa kwa kalamu na sentensi tano kwa Kiswahili, isingegharimu hata bei ya chai ya semina moja. Na maneno matatu, "moyo wake hauwezi", yangetosha kunizuia mimi. Nilinyimwa hayo kwa sababu ya uchovu wa watu, sina shaka. Lakini pia tumejenga mazoea kwamba mgonjwa na nduguye hawaelezwi, wanaagizwa. Na mtu anayeagizwa bila kuelezwa hutii mpaka pale anapopata sababu yake mwenyewe ya kutotii.

Siku ya tatu nilimwandikia muuguzi kiongozi barua ya kurasa mbili, nikaeleza nilichofanya, saa niliyokifanya, na kwamba maelezo ya muuguzi wa zamu yalikuwa ya kweli. Niliikabidhi kwa mkono. Muuguzi anaweza kufikishwa mbele ya Baraza la Uuguzi na Ukunga kwa kosa dogo kuliko lile, na sikutaka karatasi yake ikae peke yake kwenye faili.

Baba aliishi miaka miwili na miezi kadhaa baada ya hapo. Wageni walipokuja aliwasimulia jinsi maji ya hospitali yalivyokuwa makali, yakamuua akafufuka, nao wakacheka, nami nikacheka nao. Nilimwambia ukweli katika mwezi wake wa mwisho, jioni moja barazani, miguu yake ikiwa juu ya stuli. Alinyamaza kwa muda, kisha hakuuliza lolote kuhusu mimi. Aliuliza kuhusu yule binti.

Nikamwambia niliandika barua.

"Walikujibu?"

Nikamwambia hapana.

"Na wewe ulikwenda kuuliza?"